Tangi la maji: vipimo vya nje au vya ndani?

SWALI: Nataka kujenga tangi la zege chini ya ardhi hapa nyumbani Kibaha, lipokee boza zima la lita 10,000. Fundi ameandika: urefu mita 2.5, upana 2, kimo 2, kuta, sakafu na zege la juu sentimita 15. Kazidisha akapata 10. Je, maji yatatosha? Na lipu ya ndani ni mita za mraba ngapi?

JIBU: Hesabu ya fundi ni sahihi, ila amelipima zege, hakuyapima maji. Tangi lako ni mche mstatili: nyuso sita, zote mstatili, zinazotazamana ziko sawa, na kila pembe ni nyuzi 90. Ujazo wake ni urefu mara upana mara kimo, na mita moja ya ujazo hubeba lita 1,000. Hadi hapo hatuna ubishi. Muulize tu vipimo hivyo ni vya nje au vya ndani. Kwa maelezo uliyonipa, naona ni vya nje.

Sasa toa unene wa zege. Kila kipimo kina kuta mbili, moja kila mwisho, kwa hiyo unatoa sentimita 30, si 15. Urefu unabaki 2.2, upana 1.7, na kimo nacho 1.7 baada ya kutoa sakafu na zege la juu. Zidisha: 6.358. Yaani lita 6,358. Zaidi ya theluthi imeliwa na zege, kwa sababu upungufu umeingia kwenye vipimo vyote vitatu na vyote vinazidishana. Bado kuna bomba la kufurikia. Likiwekwa sentimita 20 chini ya dari, kina cha maji ni mita 1.5, na unabaki na lita 5,610. Boza litaondoka na maji yako karibu nusu.

Anzia ndani. Mimi ningechukua urefu 2.7, upana 2.2, kina cha maji 1.7: lita 10,098. Ongeza sentimita 20 za juu, kimo cha ndani kinakuwa 1.9. Kwa nje tangi litakuwa 3.0 kwa 2.5 kwa 2.2, na shimo lichimbwe pana zaidi ya hapo ili mafundi wapate pa kusimama. Vipimo vya ndani vihesabiwe baada ya lipu, kwa hiyo unene wa lipu uongezwe juu ya hivyo vya nje. Lipu ya sentimita 2 tu kwenye kuta ingekupunguzia lita 300 na ushei.

Lipu ya kuta nne: jumlisha urefu na upana, zidisha kwa mbili, kisha kwa kimo. Ni 9.8 mara 1.9, sawa na 18.62. Sakafu ni 5.94. Jumla mita za mraba 24.56, bila dari.

Usikubali kushawishiwa ulifanye jembamba na refu kufuata uzio, kama nafasi ipo. Mita 10 za ujazo katika umbo la 5 kwa 1 kwa 2 zina eneo la nyuso 34, katika 2.5 kwa 2 kwa 2 ni 28. Tofauti hiyo yote ni saruji na nondo.

Kabla zege halijamwagwa, pima sakafu ya ndani kutoka kona hadi kona, njia zote mbili. Kwa 2.7 kwa 2.2 kila moja husoma mita 3.48; ukishaacha nafasi ya lipu zitazidi kidogo, ila lazima zilingane. Zikitofautiana, umbo limelala upande hata kama futikamba inasoma urefu na upana sahihi kila ukuta.