Semina za hisabati: ukiingia, tafuta mfano mdogo

Niseme mapema tu, semina ya utafiti sio lekcha, na wengi huku Mtwara wanaozikimbia wanazikimbia kwa sababu wanaingia wakidhani ni lekcha. Unakaa, dokta mgeni kutoka Dar anachomeka laptop, slaidi ya pili tu tayari kuna alama hujawahi kuziona maishani, dakika ya kumi umeshapotea, unatoa simu unaanza kuchati chini ya meza, ukitoka unasema hisabati safi sio ya watu kama sisi. Aisee, hata wale wa mbele wanaotikisa kichwa nusu yao wamepotea, nimekaa nao sana nawajua. Mtu wa aljebra akisikiliza mada ya milinganyo ya difereshali anapotea, na wa difereshali akisikiliza topolojia anapotea vilevile. Kwahiyo usiende ukiwa na lengo la kuelewa yote. Nenda na lengo la kutoka na mfano mmoja mdogo ambao unaweza kuukokotoa mwenyewe usiku nyumbani kwa kalamu na karatasi, basi, hicho ndo kipimo changu cha semina iliyofaa.

Nikisema mfano mdogo namaanisha kitu kama hiki. Kuna fomula ya mwanahisabati Euler ya mwaka 1772, n² + n + 41. Weka n = 0 unapata 41, weka 1 unapata 43, weka 2 unapata 47, endelea hivyohivyo mpaka 39 unapata 1601, zote namba tasa. Ukifika 40 inavunjika, na sababu mwanafunzi wa form three anaiona, maana 40 × 40 + 40 + 41 ni 41 × 41. Sasa mtu anakuja kutoa mada ya nadharia ya namba, anataka kuongelea mifumo ya namba ambako kila namba inavunjika kuwa namba tasa kwa njia moja tu, na mifumo mingine ambako sheria hiyo inafeli. Akianza na fasili nzito, chumba kizima kimelala. Akianza na hii ya 41, halafu akasema angalieni 4 × 41 − 1 ni 163, na hiyo 163 haikutokea kwa bahati, chukueni 1 jumlisha kipeuo cha pili cha −163, mgawe kwa 2, mjenge nacho mfumo mpya wa namba mtaona sheria ya njia moja bado inashika, hapo hata mwalimu wa kemia aliyeingia kwa sababu ya chai anainua kichwa. Uhusiano wenyewe ni mgumu, unahitaji muda, lakini mtu ameshapata pa kushika.

Kwa upande wa hisabati tumizi, ile ya kutatua matatizo ya nje ya hisabati yenyewe, mfano mdogo peke yake hautoshi, hapo uliza amedhania nini. Watu wa tumizi wanapenda kukimbilia grafu za rangi, grafu zinapendeza, kila mtu anapiga makofi. Chukulia mtu anatoa mada ya ubwiriunga kwenye mikorosho, ambayo ni mada ya huku kwetu kabisa, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanaufanyia kazi ugonjwa huo na mkulima wa Newala au Tandahimba hahitaji kuelezwa ni kitu gani, anaununulia salfa kila msimu. Mtoa mada anachukua modeli ya kuenea kwa magonjwa ya Kermack na McKendrick ya 1927, wazima, wagonjwa, waliopona, anasema mti mmoja mgonjwa unaambukiza mitatu, kwahiyo ukikinga theluthi mbili ya mikorosho ugonjwa unazimika, maana katika ile mitatu unabaki mmoja tu wa kuambukizwa, na 1 − 1/3 ni 2/3. Hesabu yenyewe iko sawa kabisa. Ila modeli ile ya kawaida inadhania kila mmoja anaweza kukutana na kila mmoja kwa nafasi sawa, kama watu sokoni, na mkorosho hautembei! Mti unaambukiza jirani yake, na upepo unapeleka upande mmoja kuliko mwingine. Sasa swali la kuuliza sio "umekosea", swali ni ukiondoa hiyo dhana, ukaweka miti kwenye gridi na upepo wa upande mmoja, ile theluthi mbili inabaki au inahama? Mtoa mada mzuri atalifurahia hilo swali maana ndo paper yake inayofuata. Asiyelifurahia, nawe umeshajifunza kitu kuhusu kazi yake.

Hapa kwenye kuuliza ndo kuna tatizo letu kubwa, niliongelee vizuri kidogo. Sisi tumelelewa na heshima, profesa anaingia tunasimama, shikamoo profesa, marahaba, halafu mwenyekiti anasema karibuni maswali na chumba kinakuwa kimya mpaka unasikia feni. Mgeni anarudi Dar anasema watu wa kusini wapole. Sio upole, watu wanaogopa swali lao litaonekana la kitoto. Mi ushauri wangu kwa wadogo zangu wa masta na walimu wenzangu, chukueni sentensi moja muitumie popote: "Samahani profesa, naomba uturudishie kwa kesi ndogo kabisa, n ikiwa 2 inakuwaje?" Ina heshima zote, haimpingi mtu, haikuonyeshi kwamba umepotea, na mara nyingi ndo swali ambalo nusu ya chumba walikuwa wanalitaka, wakiwemo wale wakubwa wa mbele. Nimeona mtoa mada anaacha slaidi, anachukua maka peni, anaandika kwenye ubao dakika tano, na hizo tano zikawa bora kuliko arobaini zote zilizotangulia. Na mwenyekiti wa semina, tafadhali, usianze na swali lako la dakika sita lenye historia ya utafiti wako, anza na wanafunzi.

Ukiwa wewe ndo unatoa mada, jambo moja wanaoanza hawaliamini: usithibitishe kila kitu. Semina sio mahali pa kukagua uthibitisho. Andrew Wiles, yule aliyethibitisha dai maarufu la Fermat, alitoa mihadhara yake Cambridge Juni 1993, jina la mihadhara halikutaja Fermat kabisa, siku ya tatu ndo akafika pale watu walipokuwa wanahisi, ukumbi ukalipuka makofi, magazeti ya dunia yakaandika. Pengo lilikuja kuonekana baadae, baada ya wakaguzi kukaa na maandishi mstari kwa mstari, na likazibwa 1994 yeye akishirikiana na Richard Taylor, ikachapishwa 1995. Ukumbi ule ulikuwa na wataalamu wa fani hiyohiyo na hawakuliona pengo pale pale, sasa wewe unadhani watu wa Shangani hapa Mtwara saa nane mchana na joto lile watakagua lema yako ya nne, yaani kile kipande kidogo cha uthibitisho? Lema iache kwenye paper. Sema tatizo, toa mfano, sema umepata nini, onyesha sehemu moja tu ambapo ujanja wenyewe upo. Ukipewa dakika 50 andaa za 40.

Umeme nao. Ukitegemea projekta peke yake siku itafika, kwahiyo jua mada yako kwa ubao. Kuna kisa wanasimulia sana cha Frank Nelson Cole mwaka 1903 Marekani, alitaka kuonyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67 kutoa 1 sio namba tasa, alienda ubaoni akaikokotoa, upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, majibu yakafanana, akarudi kukaa bila kusema neno, ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Sisemi ukae kimya, hapana, sema, na kama wasikilizaji wote ni waswahili sema Kiswahili hata kama slaidi ni za Kiingereza, utaona maswali yanavyoongezeka.

Wageni kufika huku ni kazi, tusidanganyane, mvua za kimbunga Hidaya Mei 2024 zilikata barabara ya Dar kuja Lindi maeneo ya Somanga na watu wakakwama. Kwahiyo semina za mtandaoni zitumieni, tangu 2020 vyuo vikubwa vingi vinaziweka wazi bure. Angalia saa tu, maana wanaandika za kwao. Ikiandikwa 10 asubuhi ya Boston, kwetu ni saa 11 jioni kipindi chao cha joto, na saa 12 jioni kipindi chao cha baridi, wanasogeza saa Machi na Novemba. London 4 mchana ni saa 12 jioni kwetu wakati wa joto na saa 1 usiku wakati wa baridi. Bando likiwa dogo zima video yako ubaki na sauti, na swali liandike kwenye chati ya semina badala ya kusubiri kuongea, mwenyekiti analisoma kwa niaba yako na hata mtandao ukikata katikati swali limeshafika.