Ukienda Kilwa Kisiwani, usianzie Gereza

Safari yangu ya kwanza Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale pwani ya kusini mwa Tanzania, niliifanya kama wageni wengi wanavyoifanya. Nilishuka mbele ya Gereza, nikapiga picha nyingi mlangoni, nikazunguka Msikiti Mkuu, na ilipofika saa sita jua likiwa utosini sikuwa tena na miguu. Kiongozi akaniuliza, "Husuni twende?" Nikamwambia siku nyingine. Siku hiyo nyingine ilikuja baada ya miaka mitatu.

Husuni maana yake ni ngome, nami nilijiona nimeshaiona ngome. Gereza ni ngome kweli, ila kwa umri ni mtoto. Wareno walijenga yao hapo mwaka 1505, wakaondoka 1512, na jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja karne nyingi baadaye. Hata jina lake, wanasema, limetoka kwenye igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Namna kanisa lilivyogeuka kuwa mahali pa kufungia watu, hiyo nawaachia wenye lugha.

Kilwa ya zamani hasa, ile iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji ya leo, iko Husuni Kubwa, juu ya jabali linalotazama bahari, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kutoka Gereza. Aliijenga Sultani al-Hasan bin Suleiman karne ya 14, na ni katika utawala wake Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa, mwaka 1331. Kwenye picha haivutii: kuta zilizobomoka na majani. Ingia ndani. Kuna vyumba zaidi ya mia, na bwawa la kuogea la pembe nane. Simama katikati ya chumba chochote unyooshe mikono. Utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwi ndefu vya kutosha kuvuka chumba kipana. Basi mikoko ndiyo iliyomwamulia sultani upana wa chumba chake! Mimi nilikaa pale karibu saa nzima.

Jirani yake ni Husuni Ndogo, ua mkubwa uliozungushiwa ukuta mnene wenye minara. Hiyo ndiyo inayofanana na ngome kuliko ile Kubwa, ambayo ilikuwa kasri. Wataalamu wanabishana mpaka leo hiyo Ndogo ilikuwa ya kazi gani, kwa hiyo kiongozi akikupa jibu moja kwa uhakika mno, tabasamu tu.

Sasa maji. Usiku wa kuamkia safari, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, na mpange kwa kufuata hayo, siyo kwa kufuata kifungua kinywa cha hotelini. Yakiwa yamejaa asubuhi, mwombe akushushe upande wa Husuni Kubwa, ukwee juu kabla jua halijakaza, kisha urudi kwa miguu kupitia msikitini umalizie Gereza, na mashua ikusubiri hapo. Mimi sikuuliza. Ilikuwa siku za bamvua, maji yakapwa, mashua ikakwama mbali na ufuko, nikashuka kwenye tope hadi magotini na begi kichwani.

Kibali unakata Kilwa Masoko, mji ulio bara, kabla ya kuvuka, na hapo hapo unapewa kiongozi. Beba fedha taslimu. Ukitoka Dar kwa basi ni kama kilomita 300, na ukipanda basi linaloendelea Lindi au Mtwara hakikisha unashuka Nangurukuru. Kutoka hapo kuna magari ya kwenda Masoko. Lala Masoko, usijaribu kwenda na kurudi siku moja.

Kisiwani watu wanaishi, siyo makumbusho. Utapita katikati ya nyua zao, kwa hiyo piga hodi, salimia wazee shikamoo, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Dada zangu, kanga moja begini itawafaa. Makaburi msiyakalie, hata kama kivuli chake kinatamanisha. Maji ya kunywa beba chupa mbili, kule Husuni hakuna duka.

Na vaeni viatu vya kufunga. Kandambili yangu moja ya bluu imebaki kwenye lile tope mpaka leo.