Anza na kituo kimoja

Ukitaka kutengeneza modeli ya hesabu ya vituo (yaani vifaa kama simu na kompyuta) vinavyogombania chaneli moja ya waifai, usikimbilie vituo 20. Anza na kimoja, tena kwa kalamu na karatasi. Mimi sikufanya hivyo, na wiki tatu zikapotea.

Nilitumia modeli ya Giuseppe Bianchi ya mwaka 2000, ambayo wengi wetu huanzia hapo. Kiini chake ni milinganyo miwili: mmoja wa uwezekano wa kituo kurusha fremu (kifurushi cha data) kwenye sloti yoyote, yaani kipande kidogo cha muda, mwingine wa uwezekano wa fremu hiyo kugongana, na kila mmoja unamtegemea mwenzake. Kompyuta iliitatua mara moja. Lakini kasi niliyopata ilipishana mno na ya programu yangu ya uigaji, nikashinda naipekua milinganyo. Kumbe kosa lilikuwa kwenye sloti: kila moja niliihesabu mikrosekunde 9. Urefu huo ni wa sloti tupu tu! Kituo kikirusha, sloti hurefuka hadi fremu ipite na chaneli itulie, maana wenzake wote wamesimamisha hesabu zao za sloti za kusubiri kabla ya kurusha.

Sasa hesabu mwenyewe. Chukua 802.11a, toleo mojawapo la waifai, megabiti 54 kwa sekunde, data ya baiti 1500. Fremu nzima huchukua mikrosekunde 248. Pengo fupi ni 16, jibu la uthibitisho kwa megabiti 24 ni 28, na kimya kinachofuata ni 34. Kisha kituo huchagua namba yoyote ya sloti tupu za kusubiri, kuanzia 0 hadi 15. Wastani ni 7.5, sawa na mikrosekunde 67.5. Jumla 393.5. Gawanya biti 12,000 kwa muda huo: megabiti 30.5 hivi. Zaidi ya theluthi ya ile 54 imekwenda, na hakuna hata mgongano mmoja uliotokea.

Ipe modeli yako kituo kimoja. Uwezekano wa kugongana lazima uwe 0, wa kurusha 2/17 (sloti moja ya kurusha kwa kila 7.5 tupu), na kasi hiyohiyo 30.5. Vikipishana, usisogee.

Jambo jingine: modeli hii hudhani kila kituo kina fremu mkononi muda wote, na kwamba vyote vinasikiana. Mtandao wenye vituo visivyosikiana hugongana kuliko inavyotabiri, kwa hiyo kabla ya kuulinganisha nayo, zima vyote ubakize viwili, kisha hakikisha kila kimoja kinazisikia fremu za mwenzake, na urudie hivyo kwa kila jozi.