Baiskeli ya chuma kwa safari za lami na mchanga: weka hela kwenye magurudumu kwanza

Mkuu, umeuliza kama hiyo baiskeli ya mlimani ya chuma uliyopata kwa mtumba Kariakoo inaweza kubeba mizigo ikufikishe Kimbiji, Bagamoyo na baadaye Lushoto, na kama ni hela kidogo, uanze na kipi. Inaweza, tena vizuri. Mimi natumia ya namna hiyohiyo, fremu ya miaka ya 1990, na imenitembeza Pwani na Tanga kwenye lami, changarawe na mchanga. Jibu langu kwa swali la hela ni moja: magurudumu, hasa la nyuma.

Ila kabla hujatoa senti, kagua fremu. Chomoa bomba la kiti mpaka litoke lote. Kwa hewa yetu ya chumvi, bomba la alumini likikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi hugandana nayo, na kulitoa ni kazi ya msumeno. Likitoka, safisha, paka grisi ya kutosha, rudisha. Kisha pindua baiskeli utazame pale chini penye krenki (mikono ya pedali), ndipo maji yanapotuama. Kutu ya juujuu isikutishe. Kinachotisha ni chuma kinachobonyea ukikigusa na bisibisi. Kama ni kizima, mimina oili nzito ndani ya mabomba, igeuzegeuze, iache ichuruzike usiku kucha. Chuma nakipenda kwa sababu hata kikipasuka njiani, fundi wa kuchomelea yupo kila mji mdogo. Fremu ya alumini ikipasuka Mombo, safari imeisha.

Sasa magurudumu. Watu wengi wanaishia kwenye kusema "ni inchi 26", na hapo ndipo hela hupotea. Soma namba zilizochapwa ubavuni mwa tairi. Ya mlimani itaandikwa kitu kama 50-559: upana milimita 50, kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi milimita 559. Zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu nazo ni 26, lakini zao ni 590, na tairi la moja haliingii kwenye nyingine hata ulipige nyundo. Kama yako ni 559 shukuru Mungu, maana hizo utazikuta kwa wauza vifaa mpaka mikoani. 622, zile nyembamba za mbio, ukishatoka Dar zinakuwa shida. Chukua tairi la upana wa inchi 2 hivi, lenye katikati laini na vijino pembeni. Mijino mikubwa inakula nguvu zako bure kwenye lami ya Mapinga na Kerege.

Valvu pia. Baadhi ya ringi za mtumba zina tundu jembamba la milimita 6.5, la valvu ya mbio. Kama ringi ni pana, mwambie fundi atanue tundu mpaka milimita 8.5, alainishe kingo, uweke tyubu zenye valvu kama ya gari. Hapo kila sheli na kila kijana wa pancha anaweza kukujazia upepo. Ringi nyembamba usiitoboe, utaidhoofisha. Na kama zilizopo ni za chuma zilizong'arishwa, zibadilishe kwa alumini. Ringi ya chuma ikilowa, breki ni kama hakuna.

Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba kila kitu, kwa hiyo tafuta habu (kile kitovu spoku zinapoanzia) ya matundu 36. Tena tofautisha habu mbili. Ile ambayo friwili (fungu la gia za nyuma) inafungwa kwa kuzungushwa juu ya habu, gololi zake za upande wa cheni zimekaa ndani sana, hivyo kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila kushikwa. Ukiweka mzigo na kukutana na matuta yetu, ekseli hupinda au kukatika upande huohuo. Habu ambayo gia zake huchomekwa, gololi zimesogezwa mpaka karibu na fremu. Nunua hiyo. Baada ya kusukwa, minya spoku mbilimbili kwa mkono gurudumu zima: zile za upande wa gia zote zikazwe sawa. Iliyolegea ndiyo itakayokatika, na huwa ni upande wa gia, ambapo huwezi kuibadilisha bila kutoa gia. Spoku tatu za akiba za urefu kamili zifunge na tepu kwenye fremu.

Gia: hapa pwani utaona zako zinatosha, lakini Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 hivi na unapanda karibu mita elfu moja. Meno 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 2 hivi. Weka 24 mbele na 34 nyuma, inashuka mpaka mita 1.45, na hapo unapanda na mizigo umekaa kitini.

Keria iwe ya chuma, si alumini. Mikoba shonesha kwa mafundi wa maturubai, lile la kufunikia malori halipitishi maji. Bolti za keria zipate nati zenye plastiki ndani, na ile ya chini kulia angalia urefu wake: ikichungulia kwa ndani inakwangua cheni ikiwa kwenye gia ya nyuma yenye meno machache kabisa. Vitu vizito viweke chini, mgongoni usibebe kitu, joto letu hili mgongo unahitaji upepo.

Usukani uache ulionyooka. Fremu ya mlimani ni ndefu, ukiweka ule wa kupinda utajikuta umelala.

Upepo wa tairi watu hawaupi uzito wake. Kwenye lami na mizigo mimi naweka psi 45 nyuma na 35 mbele. Nikifika kwenye mchanga wa njia za Kimbiji nashusha mpaka 25 hivi, tairi linatanuka na kuelea badala ya kuzama. Ukirudi kwenye lami jaza tena, ukiliacha laini shimo moja linabana tyubu na kuitoboa mara mbili. Ukipita kwenye mbigiri usiburute, simama uitoe kwa kucha kabla haijaingia.

Piga picha ubavu wa tairi na habu ya nyuma uviweke hapa, pamoja na idadi ya meno mbele na nyuma, nikuambie kipi kibaki na kipi kitoke.