Re: Kachomwa kisu, kafia hospitali siku ya nane, muuaji ni nani?

Habari mkuu, pole sana. Nimekuelewa hivi: ndugu yako alimchoma mtu kisu, jamaa akafia wodini siku ya nane, na nyie mnasema madaktari ndio wamemuua. Usianze na uzembe, anza na ripoti ya postmotamu (uchunguzi wa maiti), angalia siku anakufa kidonda kilikuwa bado kinamla au kilishapona. Uingereza 1956, kesi ya Jordan, kidonda kilikuwa karibu kupona kabisa, majeruhi akaendelea kupewa dawa ambayo mwili wake ulishaonyesha kuikataa, mshtakiwa akaachiwa kwenye rufaa. Ila 1959, kwenye kesi ya Smith hukohuko Uingereza, majeruhi aliangushwa mara mbili wakati anabebwa na matibabu yakawa mabovu, bado hatia ilibaki palepale maana kidonda chenyewe ndo kilikuwa kinamuua. Mimi nishawahi kukaa mahakamani naangalia wakili anambana daktari kwa uzembe tu, masaa mawili, kidonda hakukigusa, iliniuma sana. Na kama marehemu alikataa kuongezewa damu hiyo haiwasaidii, kesi ya Blaue ya Uingereza, 1975, ilishafunga huo mlango. Weka hapa sababu ya kifo neno kwa neno tuitazame, bila hiyo siwezi kukwambia kama ndugu yako atachomoka.