Mchicha na soseji: naitreti ni ileile?

SWALI: Mume wangu ana presha, na daktari alimwambia ale mboga za majani kwa wingi. Juzi kijana wetu kaja likizo kutoka chuo, akasema mchicha una naitreti, sawa na soseji. Tangu siku hiyo sijaupika. Tena nina mjukuu wa miezi miwili anayekunywa maziwa ya kopo. Namkorogea kwa maji ya kisima chetu, na nayachemsha vizuri. Nisaidie.
Bibi wa mjukuu mmoja, Morogoro

JIBU: Shikamoo mama. Naanza na mjukuu, maana ndiye aliyenishtua.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti, yaani chumvi yenye nitrojeni inayoyeyuka kwenye maji, haitoki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Kisima kilicho jirani na choo cha shimo, zizi au shamba lenye mbolea kinaweza kuwa nayo nyingi. Kwa kichanga huyo, damu hushindwa kubeba oksijeni sawasawa, midomo na kucha zikageuka bluu. Daktari Hunter Comly alilieleza jambo hili mwaka 1945 huko Iowa, Marekani, kwa watoto waliokorogewa maziwa kwa maji ya visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Tafuta maji mengine leo hii, kisima kikapimwe maabara. Ukimwona na rangi hiyo, mkimbize hospitali.

Sasa mchicha. Kijana amesema kweli nusu. Naitreti ya mboga huingia kwenye damu, tezi za mate zikaivuta na kuirudisha mdomoni. Bakteria wa ulimini huigeuza naitraiti, kemikali ya jamii yake, na ukimeza mate, sehemu yake huwa gesi inayolegeza mishipa ya damu. Ndicho mzee anachohitaji! Tena mchicha una vitamini C, inayozuia naitraiti isigeuke sumu tumboni.

Soseji hutiwa naitraiti isiharibike na ibaki nyekundu. Humo inakutana na protini za nyama, kisha moto mkali wa kikaango, zikazaliwa naitrosamini, kemikali zinazoweza kuleta saratani. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo walisema kila gramu 50 za nyama za kusindikwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Kwangu soseji haziingii.

Rudisha mchicha mezani, mama. Kaanga kitunguu na nyanya kwanza, mchicha uingie mwisho, dakika chache tu, na ukiepua kamulia ndimu. Chumvi iwe kidogo, na dawa zake za presha baba asiziache.