Maswali na Majibu: Toniolo, Profesa wa Uchumi Aliyetangazwa Mwenye Heri

Je, ni kweli Giuseppe Toniolo ndiye aliyeandika Rerum Novarum?

Hapana. Swali hili linarudi kila mara, na waraka wenyewe unasomwa bure. Ni wa Papa Leo XIII, kuhusu hali ya wafanyakazi, wa tarehe 15 Mei 1891. Rasimu zake zilipita mikononi mwa Mjesuiti Liberatore na Kardinali Zigliara. Toniolo alitayarisha uwanja: mwaka 1889 alianzisha umoja wa Wakatoliki wa Italia wa kuchunguza mambo ya jamii.

Alikuwa padri wa shirika gani?

Mlei. Mume wa Maria Schiratti, baba wa watoto saba. Kumbukumbu yake ni 4 Septemba, siku waliyofunga ndoa.

Soko ndilo linalopanga bei. Profesa wa uchumi ana haja gani na maadili?

Mwaka 1873, akiwa na miaka 28, Toniolo alifungua ufundishaji wake katika chuo kikuu cha Padova, Italia, kwa mada hii hii, akasema maadili yamo ndani ya sheria za uchumi zenyewe. Hayakuwa kwake sala ya kufungia kikao cha hesabu. Baadaye alifundisha Pisa miaka mingi bila kuliacha wazo hilo. Chukua ujira. Kibarua anafika getini alfajiri, watoto hawajala, anatajiwa nusu ya malipo ya jana naye anaitikia. Vitabu vingi vya chuo vitaandika: wamekubaliana. Rerum Novarum inasema anayekubali masharti magumu kwa kubanwa na shida amedhulumiwa. Mwanauchumi asiyeiona tofauti hiyo hajaujua uchumi, na ole wetu akipewa wizara.

Basi alikuwa mjamaa?

Hakuwa. Alitetea mali binafsi, ila iwe na wajibu kwa jamii, na alitaka vyama vya wafanyakazi na sheria za kuwalinda wanyonge. Msimvike sare ya chama chenu.

Binti yangu yuko mwaka wa pili wa uchumi, anataka kuacha ahamie falsafa na teolojia. Nimruhusu?

Amalize kwanza. Mary Hirschfeld wa Marekani alikuwa na udaktari wa uchumi wa Harvard kabla ya kurudi darasani, chuo kikuu cha Notre Dame, kusomea teolojia, ndiyo maana wanauchumi hawawezi kumpuuza anapomleta Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, sokoni. Nimechoshwa na wanaonukuu mapapa ukurasa mzima na hawajui mfumuko wa bei unavyopimwa. Takwimu asizikimbie, mama.